Pingi ya Vwawa

Kwa miezi minane Zahoro alikuwa akifia nyuma ya ukuta. Anakimbia, anajificha, anashusha pumzi na kujiambia amepona. Mara kioo cha simu kinakuwa chekundu na maandishi yanamjulisha kwamba ameuawa na mtu aliyemwacha barabarani zamani. Kwa macho yake alikwisha kufika nyuma ya ukuta. Kwa mchezo wenyewe alikuwa bado njiani. Tofauti ya hayo mawili ndiyo wachezaji huiita pingi, yaani muda ambao amri ya kidole chako hutumia kwenda hadi kwenye kompyuta inayoendesha mchezo, na jibu kurudi. Huhesabiwa kwa vipande vidogo vidogo vya sekunde. Mwenzako aliyeko Dodoma ana arobaini, anacheka. Zahoro, nyumbani kwake Tunduma, alikuwa na tisini, mara mia tatu, mara mia tano, halafu inatulia dakika mbili ili imdanganye, kisha inaruka tena.

Wa kucheka na acheke. Mwanamume wa miaka thelathini na moja, mume wa mtu, baba wa Zakia, fundi simu mwenye kibanda chake, anakonda kwa ajili ya mchezo wa risasi za uongo! Ndugu zake walilisema hilo mbele yake na nyuma yake. Ila hawakumwona mwaka juzi, alipokuwa akifanya kazi Mbeya, mtandao mzuri, na jina lake likitajwa kwa heshima na watu asiowajua, kuanzia Mwanza hadi Mtwara. Maisha yake yote Zahoro alikuwa mtu wa katikati: shuleni wa katikati, kazini wa katikati, hata kwenye harusi yake mwenyewe ilibidi mpiga picha amwambie asogee aonekane. Katika jambo moja tu duniani alikuwa wa mbele, nalo ni hilo wanalolicheka.

Timu yake iliitwa Nge. Watu watano, kila mmoja na mji wake, wakikutana ndani ya simu. Nahodha wao alikuwa Fauzia, msichana wa chuo huko Dodoma, mwenye sauti ya upole na jicho lisilopitwa na kitu. Mwaka huu Nge walipata mfadhili: nyumba ya kukaa Dodoma, mshahara wa kila mwezi, na kazi yao ni kucheza tu. Nafasi nne zilikwisha kujaa. Ya tano Fauzia alikuwa akimshikilia Zahoro, akiwaambia wenzake kila wiki, "Kaka Zahoro hana tatizo. Tatizo ni mtandao wake. Akiupata mtandao mtamwona." Zahoro aliyasikia maneno hayo kwenye hedifoni, na ndiyo yaliyomwamsha asubuhi.

Basi akautafuta ugonjwa, na aliutafuta kifundi. Fundi habahatishi, anaondoa kimoja kimoja mpaka kibaki kimoja. Alianza na ruta, akaitoa juu ya kabati la vyombo, akaiweka dirishani. Pingi ileile. Akahesabu waifai za majirani, akakuta tisa zinagombania hewa moja, akahamisha yake kwenye chaneli iliyokuwa tupu. Pingi ileile. Akaunganisha simu na ruta kwa waya, ili waifai isipate pa kusingiziwa. Ileile. Akazima televisheni, akazima simu ya mkewe Mwanamvita, akazuia hata picha za harusi ya shemeji yake zisijipakue, na hilo lilizaa ugomvi wa siku mbili.

"Baba Zakia," Mwanamvita alimwambia, "umezima kila kitu ndani ya nyumba hii. Umebakiza kunizima mimi."

"Nikimaliza nitawasha vyote."

"Utamaliza lini?"

Zahoro aliiinamia ruta tena. Alikuwa amechoka hata kukasirika.

Sasa, sisi wa Tunduma tuna bahati moja: kila kinachoharibika kina mwenyewe. Sukari ikipanda, ni mpaka. Kijana akipotea wiki nzima, ni mpaka. Na fundi simu aliyeshindwa kazi humrudishia mteja simu yake na kumwambia, "Hii simu haina shida, bosi. Ni mpaka huu, mawimbi ya Zambia na ya kwetu yanapigana." Mteja anaitikia kwa kichwa na kwenda zake, kwa sababu ni kweli kila mtu ameshawahi kulala kitandani kwake, kwa mkewe, na simu ikamkaribisha Zambia. Zahoro mwenyewe amewaambia hivyo watu wangapi, Mungu ndiye ajuaye. Safari hii akakuta, kwa mshangao wake, kwamba ni kweli.

Aliligundua kwa saa. Aliitoa laini kwenye ruta, akaitia katika simu kuukuu ya kibandani, akaiacha dirishani aichunguze. Saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiitazama, ikawa saa nane na dakika ishirini. Saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Laini ilikuwa imevuka mpaka bila pasi na kushika mnara wa Nakonde, upande wa Zambia. Dakika tatu baadaye ikarudi nyumbani, saa ikarudi. Ikavuka tena. Alipozilinganisha nyakati hizo na zile pingi iliporuka, zilikubaliana. Akacheka peke yake kama mwehu. Aliifunga laini kwa mkono ishike mtandao wa nyumbani tu, akamwita Mwanamvita aje aone: tisini, themanini na tano, tisini. Kesho yake alicheza vizuri asubuhi nzima, akamtumia Fauzia ujumbe wa sauti ulioanza kwa takbiri.

Jioni ikarudi mia nne.

Ni Mwanamvita aliyeujua ugonjwa wa pili, tena bila kupima chochote. Yeye alikuwa akipika chakula na kuwauzia madereva wa malori kwenye foleni ya kuingia Zambia, na foleni hiyo aliifahamu kuliko maofisa wanaoisimamia. "Foleni ikiwa fupi, husikiki," alisema akiosha masufuria. "Ikifika kule kijijini Mpemba, unatukana. Mimi nikitoka barabarani najua kabisa leo nitakukuta na hali gani."

"Foleni inahusiana nini na mtandao?"

"Wale ni watu, baba. Wamekaa siku nne ndani ya lori. Unadhani wanafanya nini humo? Wanaangalia video, wanapigia wake zao. Wote kwa mnara huuhuu."

Zahoro akatoka nje, akasimama juu ya jiwe la kufulia na kuitazama barabara kuu. Malori yalikuwa yamejipanga hadi macho yanapokoma, na ndani ya kila moja mtu mmoja au wawili, na mbele ya kila mtu mwanga mdogo wa simu. Ugonjwa wa saa aliutibu. Huu angeutibu vipi? Angekwenda kugonga kila mlango wa lori amwombe dereva asimwone mwanawe? Kwa mara ya kwanza katika miezi minane aliwaza kwamba huenda asiipate nafasi ile.

Siku ya Jumatano Fauzia akampigia, simu ya kawaida, si ndani ya mchezo. "Kaka Zahoro, mfadhili anataka majina Jumapili. Jumamosi saa kumi jioni tunacheza na watu wa Mwanza, michezo mitatu. Kuna kijana wa Morogoro wenzangu wanamtaka. Nimewaambia tukuone wewe kwanza, lakini iwe kwenye mtandao mzuri. Tafuta popote. Nakuomba, kaka."

"Nitapata, dada. Nakuahidi."

Na alijua pa kupata. Mwaka jana alimfungia mtandao wa nyumbani mzee mmoja wa Vwawa aitwaye Osea, mkulima wa kahawa, ambaye mwanawe Fanueli yuko Dar es Salaam na alitaka wazee wawe wanawaona wajukuu kwenye simu kila Jumapili baada ya ibada. Nyumba iko mwinuko, mnara unaonekana kwa macho, na mpaka uko mbali, mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa gari. Zahoro mwenyewe ndiye aliyeisimamisha antena juu ya bati, akaizungusha nukta kwa nukta mpaka ikakaa. Alimpigia mzee, akamweleza kwamba ana mtihani wa kazi unaofanyika kwa simu. Hakusema mchezo. Mzee Osea akasema nyumba ni yake, aje.

Jumamosi alifika Vwawa saa sita mchana. Kitu cha kwanza, kabla hata ya kuvua viatu, alipima. Thelathini na nane. Akasubiri iruke. Haikuruka. Thelathini na nane, thelathini na nane, thelathini na tisa, thelathini na nane. Machozi yalimlengalenga, akajifanya anafuta jasho.

"Vipi, fundi, mtandao uko sawa?" Mzee Osea aliuliza.

"Uko sawa kabisa, mzee. Huu ndio mtandao."

Angekaa hapohapo afanye mazoezi, hadithi hii ingekuwa nyingine, au angalau angeyajua mapema yaliyokuwa yakimngoja. Lakini mgeni wa Mbozi, wilaya hiyo ya Vwawa, haketi akainamia simu. Mama wa nyumba, Atuganile, alikwisha kumkamata jogoo, na kwa kuwa mgeni ni Mwislamu, jogoo na kisu vililetwa mbele yake achinje mwenyewe, ili ale bila wasiwasi. Alichinja kwa bismillahi, mzee akiwa amevua kofia kwa heshima. Wakamwonyesha miche mipya ya kahawa. Wakala, na chakula cha watu wale hakiliwi kwa haraka. Zahoro hakuwa na wasiwasi wowote. Fundi alikwisha kupima. Namba ilikuwa nzuri. Kilichobaki kilikuwa ni yeye, na yeye alijijua.

Saa kumi kasorobo akapewa sebule. Mzee Osea aliwatoa watu wote, akazima redio, akachukua kiti akaketi nje ya mlango kama mtu anayesubiri mkewe ajifungue. Kila aliyepita uani alinyamazishwa kwa kidole.

"Kaka Zahoro," sauti ya Fauzia iliingia masikioni, na ndani yake mlikuwa na furaha ya kweli. "Naona thelathini na nane hapa. Mashallah! Haya, leo ni leo."

Adui wa kwanza alitokea mlango wa kushoto. Zahoro alimwona upesi kuliko alivyowahi kumwona mtu kwa miezi minane, akapiga. Risasi zilitoboa ukuta, hatua moja mbele ya yule mtu. Yule mtu akasimama, akageuka bila haraka, akamuua.

Hofu ya mwanzo, akajiambia. Akarudi. Wa pili alikuwa akikimbia uwanjani, mwepesi, zawadi. Zahoro akapiga, na risasi zikapita tena pale mtu yule alipokuwa akielekea, si pale alipokuwa. Akafa. Wa tatu, vilevile. Mara ya nne vidole vyake vilibonyeza kabla adui hajatokeza mlangoni, na ukimya uliofuata kwenye hedifoni ulikuwa wa watu wenye adabu.

Ndipo akaelewa. Kwa miezi minane, bila kufundishwa na mtu na bila kujua kwamba anajifunza, alikuwa amejizoeza kupiga mapema. Tunduma ukimpiga mtu unapomwona, amekwisha kuondoka. Kwa hiyo unapiga hewa, pale atakapofika robo sekunde baadaye, na risasi yako inachelewa kwa namna hiyohiyo, na mnakutana. Alikuwa amelizoea hilo hata akadhani ndilo jicho lake. Mzoea punda hapandi farasi. Sasa mtandao ulikuwa unamtii papo hapo, na yeye alikuwa akiuamrisha kama mtu anayemfokea kiziwi ambaye amekwisha kupona.

Akajaribu kusubiri. Akasema moyoni, mwone kwanza, halafu piga. Lakini aliyekuwa akisubiri alikuwa kichwa, na vidole vilikuwa na akili yao. Akivizuia, vinachelewa, akiviachia, vinawahi. Kati ya kuwahi na kuchelewa palikuwa na mahali padogo ambapo mwaka juzi alikuwa akiishi, na sasa hakuuona mlango wake. Mchezo wa pili ulikwisha. Wa tatu ukaisha. Aliua wawili, akafa mara kumi na tisa. Pembeni mwa kioo, muda wote huo, namba haikutikisika: thelathini na nane.

Wengine watatu walitoka mmoja mmoja bila kuaga. Akabaki Fauzia.

"Kaka Zahoro."

"Nipo, dada."

"Leo mtandao wako ulikuwa mzuri. Niliuangalia mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa nawaambia ni mtandao. Nimewaambia hivyo miezi yote hii."

"Najua."

"Nitamwandika yule wa Morogoro. Nisamehe, kaka yangu."

"Hakuna neno, dada. Nyie nendeni," alisema, akaivua hedifoni na kuiweka mezani taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kuvunja kitu ambacho si chake.

Angelia, lakini hata kilio kilikuwa mbali. Alijiona kibandani kwake, keshokutwa na miaka yote ijayo, akifungua matumbo ya simu za watu, mtu wa katikati. Na si kwamba alinyang'anywa. Kunyang'anywa kuna faraja yake. Unapata wa kumlaumu. Kila mlango aliokuwa akikimbilia kwa miezi minane, mpaka, Nakonde, foleni, madereva na wake zao, ulikuwa umefungwa, na yeye amebaki ndani peke yake na vidole vyake kumi.

Simu ikalia. Mwanamvita.

"Baba Zakia! Nimekaa juu ya mkeka tangu saa kumi nakuombea. Imekuwaje?"

"Mama Zakia..." Zahoro alianza.

"Umekosa?" Sauti ya Mwanamvita ikashuka. "Usiniambie. Ni mtandao tena? Hata huko umekusumbua?"

Alikuwa amempa jibu mkononi, kwa huruma. Kilichobaki ni kulipokea tu.

"Umenisumbua," Zahoro alisema.

Alipogeuka, Mzee Osea alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na uso wake umebadilika.

"Fundi, ni mimi," mzee alisema. "Ni mimi niliyekuharibia. Jumanne upepo ulifungua bati kule juu, nikapanda kulipigilia. Nikaushika mlingoti wa antena nisianguke. Moyo ukaniambia, Osea, umeisogeza hiyo. Nikanyamaza, nikaona haya kukusumbua kwa jambo dogo." Alipangusa macho kwa mgongo wa kiganja. "Mtihani wa kazi, mwanangu! Umekosa kazi kwa ajili yangu."

Kumwambia kweli kulihitaji maneno manne: mtandao wako ni mzima. Zahoro aliyapanga. Lakini akiyasema hayo manne, yangefuata mengine nyuma yake, na ya mwisho kabisa yangemfikia Mwanamvita kwenye mkeka wake. Akayameza. Akasema, "Si neno, mzee. Mambo hutokea," na akajichukia kwa namna sauti ile ilivyotoka ya kiungwana.

Mzee hakukubali. Alikwisha kutoka, na ngazi ikasikika ikiburutwa uani. Atuganile alimwambia magoti yake hayafai kupanda, amwachie fundi. Mzee akajibu kwamba aliyeharibu ndiye atengenezaye, na kwamba fundi akae chini aangalie simu na kumwelekeza, kama walivyofanya mwaka jana. Zahoro akatoka, akasimama kwenye vumbi la uani na simu mkononi. Mzee wa miaka sitini na saba alipanda ngazi hatua kwa hatua, akitweta, akaufikia mlingoti, akalegeza nati.

"Hapa je?" aliita.

Zahoro akaitazama namba. Thelathini na nane.

"Bado, mzee."

Antena ikasogea kidogo kuiacha njia ya mnara. Hamsini. "Hapa?"

"Bado. Izungushe zaidi, upande wa Tunduma."

Ikawa tisini. Ikawa mia na sitini. Magoti ya mzee yalikuwa yakitetemeka juu ya ngazi, na Atuganile alikuwa ameishika ngazi kwa mikono yote miwili akimtazama Zahoro kwa matumaini. Namba ikaruka mia nne na kumi, ikashuka mia mbili, ikaruka tena. Zahoro aliijua. Sasa alichomwambia mkewe kilikuwa kweli.

"Hapo hapo, mzee," alisema. "Imekaa. Kaza."

Mzee Osea akakaza nati zote mbili kwa nguvu zake zote, kisha akamwombea fundi baraka za Mungu kutoka kule juu.